Urefu wa Kamba

Cirhuza, jirani,
nimekuona leo alfajiri ukishuka Muhungu kwenye utelezi,
viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini,
na Bakia nyuma yako akinusa kila jiwe
kama karani anayekagua risiti.
Mlikuwa mnakwenda kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa.
Foleni, ulisema, huanza kabla ya jua,
na daktari wa mifugo ana sindano chache.

Si mbwa wako, wanasema.
Ni kweli. Alikuwa wa yule bwana wa shirika
aliyemaliza mkataba mwezi wa sita,
akakuachia funguo, nusu gunia la chakula chenye picha,
na jina ambalo ulimi wako ulikataa kulibeba.
Ndege haikuwa na nafasi. Ndivyo alivyosema.
Gunia liliisha baada ya wiki tatu.
Mbwa akalala getini wiki tatu nyingine,
masikio yakisimama kwa kila gari lililopita.

Ukampa jina jingine: Bakia.
Ukampikia bugali laini na vichwa vya sambaza
ambavyo Mama Nsimire wa Nyawera hukuuzia kwa franka mia mbili,
siku nyingine bure,
siku nyingine kwa matusi:
"Watoto wa watu wanalala njaa, wewe unalisha mbwa!"

Hukumjibu. Nami sina jibu la kukuazima.
Najua tu kwamba mwanawe alipougua usiku
ni wewe uliyemshusha mgongoni hadi hospitali,
na mkono uliomshika ni ule ule
unaotoa kupe, mmoja mmoja, masikioni mwa Bakia.
Huruma ikigawanywa sijui kama hupungua.
Sambaza hupungua. Hilo nimeliona.
Nimeona pia ni sahani ya nani hupunguzwa.

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mke wangu.
Bagira, nikiwa na miaka tisa, tulikuwa na kima.
Baba alimnunua kando ya barabara
kwa mtu aliyetoka msituni.
Sikuuliza mama yake kima alikuwa wapi.
Nyama ilikuwa mezani pale pale, imefunikwa majani ya mgomba.
Tulimfunga kiunoni kwa kamba ya nailoni,
kwenye nguzo ya choo,
na wageni walicheka alipoinua chupa ya Primus kwa mikono miwili.
Kima alikua.
Kamba haikukua.
Siku tulipoitazama vizuri ilikuwa imezama ndani ya nyama,
manyoya yameota juu yake kama majani juu ya mfereji.
Tulimpenda. Hilo ndilo linaloniuma:
ungetuuliza, tungeapa kwamba tunampenda.

Kwa hiyo asante, Cirhuza,
kwa kidole kimoja
unachokipitisha kila jioni kati ya mkanda na shingo ya Bakia
kupima kama bado kuna nafasi.
Asante kwa maji uliyombadilishia
hata wiki ile mabomba ya Regideso yalipokauka
na dumu moja lilikuwa safari ya kutwa hadi ziwani.
Kwa bati juu ya mahali anapolala.
Kwa siku ile alipopita mtu na tundu la kasuku,
binti yako Ansima akalia akimtaka yule wa pembeni,
mwenye mkia mwekundu, aliyejinyonyoa kifua,
ukamwambia, "Huyu tukimnunua, kesho watamfuata mwingine."
Akanuna hadi Jumapili.
Ukamwacha anune.

Jioni mmerudi, matope hadi tumboni, mbwa na mtu.
Sindano zilikwisha watu wanne mbele yenu.
Kesho mtashuka tena, umesema,
ukamvua kamba kabla hujavua koti.

Ukipita, nigongee dirisha.
Kamba bado naogopa kuishika.
Nitakubebea viatu.